Rispa, aliyenifundisha kukimbia huku nikisalimia

Jamani, hii habari imekataa kuingia kichwani. Juzi binti yake alinipigia simu akasema, "Auntie, mama ametuacha," na mimi nikamuuliza, "Ameenda wapi?" Kweli niliuliza hivyo.

Kifua kilimsumbua wiki chache tu. Tulidhani ni baridi.

Wengi wenu hamkumjua Rispa. Mnanijua mimi wa meeting na presentation, mimi ninayeongea mpaka boss anaangalia saa. Huyo mnayemjua alishonwa na fundi wa nguo wa Shianda.

Miaka ya tisini nilikuwa msichana wa Form Three asiyeongea. Si maringo. Sauti ilikuwanga inafika kooni inarudi. Mwalimu wa Kiingereza akiuliza swali, naangalia dawati. Wa Kiswahili, hivyo hivyo. Nilisomeshwa lugha mbili na zote nikazinyamazia.

Siku moja mama alinituma nichukue sketi ya shule kwa Rispa. Alikuwa anakaribia thelathini, ana mtoto mmoja, na alikuwa amekata kauli kwamba lazima akimbie marathon moja kabla magoti hayajazeeka. Akaniambia bila kuinua macho kwenye cherehani, "Wewe una miguu. Njoo tukimbie."

"Kwa nini mimi?"

"Mwanamke akikimbia peke yake watu wanauliza ameiba nini. Wakiwa wawili, ni mazoezi."

Nilikubali kwa sababu nilidhani kukimbia hakuhitaji maneno. Wueh!

Kwetu humpiti mtu bila salamu, na asubuhi barabara ya mashamba ya miwa imejaa watu. Rispa alisalimia kila mmoja, akimtakia amani kwa Kiluhya chetu. Mulembe huku, mulembe kule, mzee wa baiskeli anaulizwa ng'ombe ameamkaje. Hasimami, anapunguza mwendo tu. Mimi nimejificha ubavuni mwake kama kifaranga.

Wiki ya pili akasema, "Leo upande wa kushoto ni wako."

"Wangu wa nini?"

"Wa kusalimia. Mimi nachukua kulia."

"Dada, pumzi itaisha!"

"Ikiisha kwa salamu, jua unakimbia haraka ya bure. Punguza."

Hatukuwa na saa. Tukirudi hakuuliza tumechukua muda gani. Aliuliza, "Umesalimia wangapi?"

Siku hiyo nilijibu, "Mmoja."

"Nani?"

"Mtoto wa Mama Fanisi." Mama Fanisi aliuza uji pale kona.

"Si yule mtoto amelala mgongoni!" Rispa alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Kisha akajipangusa macho. "Sawa. Umeanza. Kesho msalimie na mama yake."

Hakuwahi kunicheka mbele ya watu. Hata mara moja. Kwa msichana kama mimi, hilo lilikuwa kubwa kuliko viatu vipya.

Tulikimbia na sketi ndefu juu ya kaptura, zote kazi ya mikono yake, ili kina mama wa kanisa wasipate la kusema. Walipata.

Wakata miwa, weusi kwa majivu ya shamba lililochomwa, walitupigia kelele: "Mathee, polisi wako nyuma?"

Rispa akawajibu, "Wako kwenu, wanakunywa chai!"

Nilikuwa nataka ardhi inimeze. Lakini baada ya miezi, siku moja Rispa alikuwa na mafua, sauti imekauka, na wale wakata miwa wakaanza. Nikasikia mtu akiwajibu, "Polisi wamechoka, wamewaachia panga!" Kumbe ni mimi. Rispa alinipiga mgongo nusura nianguke.

Marathon yenyewe ilikuwa Kisumu. Jua la kule si la kwetu. Alikuwa ameniambia mapema, "Nikikuacha, usinifukuze. Mimi namaliza yangu, wewe maliza yako." Akaniacha. Alikuwa anakimbia vizuri, aki! Mgongo wima, mikono chini, kama mtu anayesukuma cherehani.

Mbele huko miguu ilinikatalia. Niliketi kando ya barabara nikiwa nimeamua: basi. Mji mzima hakuna anayenijua, nani atauliza?

Kulikuwa na mama mmoja na ndoo ya maji. Sijui ni nini kilinisukuma. Nikasema, "Mulembe."

Alinijibu kwa Kijaluo, sikuelewa hata neno. Lakini alinimwagia kikombe kizima kichwani, akanishika mkono, akaniinua. Nikaondoka nikisalimia. Polisi wa barabarani, watoto juu ya ukuta, wauza njugu. Kila aliyejibu alinisogeza kidogo.

Nilifika wakikunja kamba. Rispa, aliyemaliza kitambo, alikuwa amesimama palepale kwenye mstari, viatu mkononi. Walimwambia aondoke, akakataa.

"Umesalimia wangapi?"

Nililia tu. Sikuweza kuhesabu.

Jana nimefika nyumbani. Mazishi ni Jumamosi. Kila Desemba nikija tulitoka pamoja, miaka hii kwa kutembea, na bado tuligawana barabara. Leo asubuhi nimeenda peke yangu. Nimesalimia upande wangu.

Pale kona alikuwa amekaa Mama Fanisi, mzee sasa, macho hafifu. Upande wa kulia, Rispa. Upande wako. Akaniita, "Mulembe! Leo mwenzako yuko wapi?"

Habari haikuwa imemfikia. Ile sauti yangu ya zamani ikafika kooni, ikaanza kurudi. Nikajua nikipita kimya, nimekupoteza mara mbili. Nikavuka, nikamshika mikono, nikamwambia.

Tulikaa pale na Mama Fanisi muda mrefu. Halafu nikaendelea.

Najua utauliza nimesalimia wangapi, dada. Wote. Na wa upande wa kulia pia.

Pumzika sasa, viatu weka chini. Lala salama, Rispa wangu. Mulembe.