Mwenye Namba Aje Mwenyewe

Asubuhi ya mwisho, mke wangu akienda kufungua duka lake Mkolani, aliniambia, "Usisahau kuulizia marejesho yangu ya kodi." Jioni alifariki.

Baada ya arobaini nilifika dirishani kwenye ofisi ya kodi na cheti chake cha kifo. Mhudumu alikisoma, akakigeuza, akatazama nyuma kusikoandikwa kitu.

"Pole sana, baba. Lakini mfumo unamtaka mwenye namba ya mlipakodi. Aje mwenyewe, au athibitishe kwa simu yake. Tunamtumia ujumbe."

"Na akichelewa, dada, mtampiga faini?" aliuliza mama mmoja kwenye foleni.

Miaka miwili mke wangu aliambiwa asubiri. Sasa hawezi tena kusubiri, anaambiwa aje.

Asubuhi iliyofuata niliiwasha simu yake kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikaiweka upande wake wa kitanda, nikangoja ujumbe wao.