Vidole vya Mtalii

Viza yangu ya siku tisini iliandikwa utalii, na kwa siku themanini na tano utalii wangu wote wa Dubai niliufanya jikoni kwa mama mdogo, mtaa wa Al Jaddaf. Huyu ni mdogo wake mama yangu. Aliolewa Unguja, akahamia Dubai zamani na mumewe, mume akafariki, naye akaanza kupika pilau za harusi na khitma za Waswahili wa mji mzima. Yeye anapika, mtalii anaosha. Masufuria ya kuingia mtoto mzima, jamani, nayasugua kwa stili waya na dawa ya madoa mpaka harufu yake inanifuata usingizini. Nikinung'unika, ananiambia nimshukuru Mungu, wenzangu wanalipia hoteli.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya mapokezi kwenye kampuni moja ya mizigo, kule karibu na uwanja wa ndege, nusura nicheze barabarani. Kampuni ingenitolea kibali cha ukaazi, ingenipa na chumba. Sharti lilikuwa moja: vipimo vya afya na alama za vidole vikamilike kabla viza ya utalii haijaisha, la sivyo nafasi anapewa mwingine na mimi narudi zangu Tanga. Zilibaki siku tano.

Vipimo nilipita. Vidole ndivyo vilivyoniumbua. Binti wa Kiarabu aliyekaa nyuma ya mashine, pale ofisi ya vibali, alinikandamiza kidole gumba juu ya kioo, mashine ikakataa. Cha pili, ikakataa. Akanifuta kwa karatasi, akanipaka losheni, akabonyeza mpaka kucha ikawa nyeupe. Wapi. Mistari yote ilikuwa imesuguliwa ikaisha, imekwenda na masizi ya pilau.

Akaniuliza kwa Kiingereza nafanya kazi gani. Swali la mtego hilo, maana mtalii haruhusiwi kufanya kazi, na anayemfanyisha naye ana kesi. Mama mdogo, aliyesimama ubavuni kwangu, alianza kuvuta tasbihi mbio mbio. Roho ilinituma nimchome, niseme yote, wallahi. Nikajibu kwamba mimi mtalii. Yule binti akaitazama mikono yangu, akamtazama mama mdogo, akacheka chini kwa chini. Akasema nisiguse maji ya sabuni kwa siku tatu, nipake mafuta, halafu nirudi.

Siku tatu nikawa malkia. Nilijipaka mafuta ya mgando, nikavaa soksi mikononi, nikaketi. Mama mdogo alikuwa na oda ya harusi, akapika mwenyewe na kuosha mwenyewe, mimi nipo kitini namwonyesha alipobakiza ukoko. Raha niliyoisikia siku ile siifichi.

Siku ya tatu akanipakia garini mpaka Hatta nikaone milima, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kuna bwawa huko, nikatamani kupanda kimashua. Akakataa katakata, kasia litanikwangua. Badala yake akamenya chungwa, akanilisha kipande kimoja kimoja, mwanamke mzima mwenye soksi mikononi, watu wanatukodolea macho. Nilijaribu kuendelea kumkasirikia, nikashindwa, mdomo umejaa chungwa.

Kesho yake mashine ilivisoma vyote kumi. Yule binti akaniambia mabruk, hongera. Nikageuka kumkumbatia mama mdogo, nikamkuta analia, nikadhani ni furaha. Tulipoingia garini hakuwasha injini.

"Nimekufanya mtumishi, mwanangu," akasema, macho yako kwenye usukani. "Niliona ukishughulika sana hutapata nafasi ya kutafuta kazi. Sikutaka uondoke. Nyumba ile nimekaa peke yangu muda mrefu."

Miezi mitatu nilikuwa nikihesabu siku za kutoka jikoni mwake. Hata maneno ya kumwambia siku ya kuondoka nilishayapanga, makali kwelikweli, nikiwa nimeinamia sufuria. Sasa nimepata ruhusa ya kuondoka, na yote yamenipotea. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu kwa ile raha ya kitini.

"Nitakuja kila Ijumaa," nikamwambia. "Lakini nitakuja mgeni, mama. Mgeni haoshi sufuria."

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Njoo tu," akasema. "Nitaosha mimi."