Swali la maji kwa Bwana Shabani

Leo nimemwaibisha mzee mwenzangu mbele ya mjukuu wake, na bado sijajuta.

Mnamjua Bwana Shabani wa huku ughaibuni, mjini Blaine. Kila hafla hutusimulia alivyokuwa dereva wa treni za mvuke kule Tabora.

Basi tumekwenda na mjukuu wake, Zuhura, kwenye maonyesho ya injini za zamani, Saint Paul. Ilikuwepo moja fupi, iliyovuta abiria wa vitongojini.

Injini ya namna hiyo (nieleze kidogo, mnanijua) hubeba maji yake kwenye matangi ya ubavuni. Haina behewa la maji nyuma, kwa hiyo huenda mbele na kurudi bila kugeuzwa.

Nikamuuliza kwa upole, "Dereva, maji yanakaa wapi?"

"Behewa la nyuma. Wameling'oa."

"Na haya masanduku ya ubavuni?"

"Ya kuwekea vifaa."

Nikamwonyesha Zuhura mfuniko wa kujazia maji, juu ya sanduku.

Zuhura, ambaye siku zote hutujibu Kiingereza, akauliza kwa Kiswahili, "Babu, kwani ulifanya kazi gani?"

Shabani akanitazama. Alijua kwamba najua. Mimi ndiye karani niliyemwandikisha kazi pale Tabora.

"Mjibu mtoto, bwana," nikasema.

"Nilikuwa nafagia mabehewa."

Kurudi Blaine alikaa kiti cha nyuma. Zuhura alikaa mbele nami, akiuliza habari za matangi. Nilimweleza mpaka mlangoni kwao.

Mwasemaje, nimekosea? Andikeni kwa uhuru. Shabani hana kompyuta.