Mkuki Mbele ya Ng'ombe

Asubuhi ya mazishi ya babu yangu, baba mdogo alinifuata uani akiwa na mkuki wa marehemu, akanitaka niupokee. Mimi ndimi mjukuu wa kwanza wa kiume, na kwetu, karibu na Usenge, mjukuu huyo ndiye anayetangulia katika tero buru. Siku hiyo wanaume hukusanya ng'ombe wa boma, hushika mikuki na marungu, na kuwakimbiza ng'ombe hadi ufukweni kwa kelele za vita, ili kukifukuza kifo kilichoingia nyumbani. Kisha hurudi wakiimba. Adui haonekani, wala hakuna anayepigwa. Hata hivyo nilikataa.

Chuoni nilisomea masuala ya amani, na tangu nihamie Migosi kufanya kazi na vijana wa Kisumu nilikuwa nimejiwekea ahadi ya kutoshika silaha yoyote, hata ya mila. Nilikuwa nimeona mawe yakirushwa baada ya kura. Nilikuwa nimemwona jirani yangu, mfanyabiashara aliyetoka Mkoa wa Kati, akiteremsha mlango wa duka lake mchana na kuwaomba radhi wateja, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Niliamini, na bado naamini, kwamba jiwe huanza kurushwa kwa mdomo, katika nyimbo ambazo sote tunasema hazina madhara.

"Hata kifo hutaki kukipiga vita?" baba mdogo aliniuliza mbele ya watu. "Mwanangu, kifo hakina haki za binadamu."

Waombolezaji wakacheka. Hata mimi nilitabasamu, lakini mikono yangu niliiacha nyuma.

Alinivuta kando ya tangi la maji, akashusha sauti. "Usipoushika wewe, ataushika huyu wangu."

Alimaanisha mwanawe, binamu yangu, na hapo nikaelewa kwamba hatukuwa tukizungumzia mila tena. Kati ya boma letu na ziwa kuna kipande cha ardhi ambacho mjane mmoja, jirani yetu, huanikia omena zake, dagaa wa ziwani, juu ya turubai. Familia yetu inasema ni chetu. Yeye anasema ni cha mumewe. Kesi imezunguka ofisi za ardhi hadi wote wamechoka. Njia ya zamani ya ng'ombe ilipita hapohapo. Katika mazishi ya karibuni, aliyetangulia alikuwa akifika kwenye ua wa mnyaa anageuka kushoto, na wengine wote wakageuka naye, kwa sababu umati hufuata mkuki. Binamu yangu alikuwa ameapa kwamba safari hii ng'ombe watapita moja kwa moja, juu ya omena. Wana wa mjane walikuwa wamesikia, nao walikuwa na mapanga.

"Mkataze wewe, baba," nilisema. "Ni mwanao."

"Nikimwambia asiende, ataenda mara mbili."

Baba mdogo ni mwanajeshi mstaafu. Aliwahi kupelekwa nchi ya mbali kulinda mapatano. Tukabishana palepale, huku jeneza likisubiri. Alisema nchi isiyo na jeshi ni boma lenye ua wa mnyaa peke yake: unazuia ng'ombe, hauzuii mtu mwenye panga. Nilimjibu kwamba jirani akikuona unanoa panga, naye hununua tupa. Alisema kule alikotumwa watu walilala kwa sababu yeye hakulala. Hilo sikuweza kulikanusha. Nilimuuliza kama watu hao waliendelea kulala baada ya yeye kuondoka. Akaninyoshea mkuki tena.

Kilichonivunja hakikuwa hoja yake. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba anayekataa kupigana hulipa kwa mwili wake mwenyewe, na kwamba ndiyo maana ana haki ya kukataa. Taifa, nilisema siku zote, lina shida kubwa zaidi, kwa kuwa wanaoamua si wanaolipa, wakiamua vita au wakiamua amani. Sasa nilijiona niko mahali pa taifa. Ningekataa, na gharama ingeangukia turubai za mjane. Nikaupokea mkuki. Mpini wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, jambo lililoniudhi.

Tulikimbia. Vumbi, mbinja, ng'ombe waliotoa macho. Kwenye ua wa mnyaa niligeuka kushoto, lakini nyuma yangu binamu yangu alikuwa tayari anawaswaga ng'ombe wa mbele moja kwa moja. Upande wa pili mjane alikuwa amesimama mbele ya omena zake, wanawe nyuma yake.

"Mnakuja kufukuza kifo," alipaza sauti, "au mnatuletea?"

"Mama, pisha!" binamu yangu akamjibu. "Ng'ombe wa mzee wanapita kwao!"

Nilirudi mbio nikasimama katikati. "Geuza, omera, ndugu yangu. Tafadhali."

"Profesa, toka njiani. Semina imeisha."

Akaendelea kuja. Niliuinua mkuki na kuulaza mbele yangu kama kizuizi. Alipokaribia zaidi, niligeuza ncha ikamwelekea kifuani. Sitasema iligeuka yenyewe. Akasimama. Ng'ombe, walipokuta watu wamesimama, walifanya wafanyavyo ng'ombe: wakafuata ua upande wa kushoto, na wanaume wakawafuata, na wimbo ukarudi.

Hakuna aliyeumia. Baada ya maziko, wakati wa kula, baba mdogo alinikatia nyama kwa mkono wake. "Umeona? Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya ng'ambo." Alikuwa na furaha ya kweli, nami nikairudisha nyama sahanini. Nilikuwa nimeyaona macho ya binamu yangu. Aliamini ningemchoma. Kama asingeamini, maneno yangu yangemsimamisha? Na kama aliamini, je, ile iliyokuwapo pale kwenye ua wa mnyaa ilikuwa amani, au ni hofu iliyopangwa vizuri?

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mjane. Alikuwa anakusanya omena, nazo bado zilikuwa na unyevu.

"Mama, hazijakauka."

"Najua."

"Lakini jana waligeuka."

"Waligeuka kwa sababu ulikuwapo, mwanangu. Wewe unarudi Kisumu. Yule anabaki. Jana alikuwa na hasira ya shamba. Leo anayo pia ya kuaibishwa mbele ya watu." Akaninyoshea ncha ya turubai nishike. "Hebu niambie. Asingesimama, ungefanya nini?"

Nilimwambia sijui. Akaendelea kukusanya, nami nikamsaidia hadi turubai likawa tupu.

Nilipiga simu kazini nikaomba ruhusa zaidi, kisha nikaenda nyumbani kwa binamu yangu, mikono mitupu, nikiwa na hofu kuliko nilipokuwa na mkuki. Nilimkuta mlangoni anakunywa uji. Hakuinuka.

"Umetumwa na mzee?"

"Hapana."

"Yule mama?"

"Hapana. Nimekuja kwa ajili ya jana. Na kwa ajili ya kile kipande cha ardhi."

Akazungusha kikombe mkononi, akatazama kule ziwani, kisha akanisukumia kigoda kwa mguu.

"Keti. Lakini ukianza kuhubiri, naondoka."

Niliketi. Kila sentensi niliyoijua ilikuwa mahubiri, kwa hiyo nikanyamaza, naye akanyamaza, na uji wake ukapoa kabla mmoja wetu hajapata pa kuanzia.