Walimzika shemeji yangu kwenye TV akiwa hai, alipokufa kweli wakamgeukia dada yangu

Wakuu, hamjambo nyote, na nyinyi wa kusoma kimya kimya bila kuchangia pia nawasalimu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Leo nauacha kama ulivyo, kwa sababu jana ile clip ya mazishi ya kuigiza imerudi tena kwa simu yangu. Imetumwa kwenye group ya mafundi, watu wanaangua kicheko. Nilifunga kazi mapema.

Nitakayosema ni niliyoyaona mwenyewe na niliyoambiwa na dada yangu, na dada yangu si mtu wa kuongeza chumvi. Majina nimebadilisha, hata lile la kwenye TV. Ukimjua, mjue na unyamaze. Kuna watoto wanasoma shule.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha hapa Kakamega mjini. Dada yangu nimwite Rosebella. Ameolewa upande wa Malava, ndani ndani kwenye miwa. Mume wake, Ferdinand, alikuwa mwigizaji.

Kwenye TV alikuwa anaitwa Kandarasi. Yule mzee wa suti kubwa anayeahidi kila mtu kandarasi ya serikali na yeye mwenyewe hana nauli ya kurudi nyumbani.

Ferdinand hakuokotwa barabarani siku moja akapewa kamera. Alianza na vikundi vya kuigiza vitabu vya fasihi mashuleni. Miaka na miaka, shule baada ya shule, anavaa kanzu asubuhi na mchana anageuka kuwa chifu. Ile sauti ya Kandarasi aliitengeneza mwenyewe, na ule mwendo wa kutanguliza tumbo pia. Hakuna mtu alimwandikia.

Nyumbani alikuwa mpole. Kaptula, ndala, anakamua ng'ombe. Mkimtembelea mkitarajia vichekesho mnarudi na maziwa tu.

Najua mtaniuliza alikuwa analipwa ngapi. Hiyo si hadithi ya leo, na nikiianza sitalala.

Sasa sikieni.

Yule director wao, nitamwita Bwana Kamera, alileta wazo. Kandarasi ajifanye amekufa ili asikie watu watamsifu vipi. Awekwe kwenye jeneza, watu walie, halafu wakishaanza kusema ukweli juu yake aketi wima pale pale kando ya kaburi. Kwa karatasi ni kichekesho kizuri, sikatai.

Lakini Bwana Kamera hakutaka kuigiza studio. Alitaka boma la kweli, na hakuona boma lingine isipokuwa la Ferdinand mwenyewe. Eti mashabiki siku hizi wanataka uhalisi.

Ferdinand akasema lazima aulize nyumbani. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mkubwa wa boma ni baba mdogo wake, nimwite Protus. Mzee Protus hakuchukua hata muda wa kumaliza chai. Alikubali, akatoka, akawaonyesha mahali pa kuchimba, kando ya kaburi la ndugu yake.

Rosebella alikataa. Aliwaambia chimbeni mnachotaka kule shambani, lakini si kaburi, na si ndani ya boma langu mume wangu akiwa anapumua. Bwana Kamera akamwambia hii ni sanaa, mama. Mzee Protus akaongeza kwamba mwanamke aliyeolewa hapa haonyeshi wenyewe pa kuchimba.

Kwa hiyo siku ya kupiga picha dada yangu hakukaa. Alichukua watoto akaja kwangu mjini. Alikaa kwenye karakana yangu siku nzima, amenuna, anaangalia cheche. Hilo mlishike.

Boma lilijaa. Jirani wote walitoka kuonekana kwa TV. Walipikiwa, wakala, wakafundishwa kulia. Mama mzazi wa Ferdinand naye aliwekwa mbele kabisa karibu na jeneza. Walimwambia alie kama mtu aliyefiwa na mtoto, akalia. Bwana Kamera akampigia makofi.

Jioni Rosebella alirudi akakuta shimo liko wazi. Mvua ilikuwa imeanza, watu wa kamera wakapakia vitu vyao wakaenda, jeneza na msalaba juu ya gari. Shimo hawakulifukia.

Kwa wale msio wa huku: kwetu kaburi haliachwi hivyo. Likishachimbwa likakosa mtu, unazika mgomba ndani yake, unafukia, ndipo unalala. Hilo hata mtoto analijua. Dada alimwendea Mzee Protus, akaambiwa wangoje kesho, wataona.

Hakungoja. Alichukua panga akakata mgomba. Ferdinand alikuwa bado na poda ya kamera usoni, akamsaidia kuubeba. Aliniambia baadaye kwamba Ferdinand alicheka, akasema Kandarasi hatimaye amepata mtu wa kumfanyia kazi. Waliuzika wawili, wakafukia, wakaingia ndani.

Majirani waliona. Hakuna aliyekuja kushika jembe.

Ile episode ilipoonyeshwa, nchi nzima ilicheka. Nami nilicheka, sitadanganya. Alikuwa fundi, yule mtu. Anavyofungua jicho moja ndani ya jeneza bila kusogeza hata kidevu, si kila mtu anaweza.

Halafu sukari ikamshika. Alikuwa nayo kitambo, lakini ratiba za kupiga picha hazijui sukari. Mguu ukavimba, kidonda kikakataa kupona. Kwenye foleni ya hospitali watu walikuwa wanamwomba afanye ile sauti. Amekaa pale, mguu umefungwa, anatetemeka, na mtu anamwekea simu usoni, Kandarasi, sema kitu kidogo tu. Na alikuwa anasema. Ukitaka kujua kwa nini nina hasira, anzia hapo.

Akafariki.

Mitandao ikajaa mishumaa. Na unajua waliweka picha gani? Ile ya jeneza. Picha ya kichekesho, ametulia ndani ya suti, wakaandika lala salama. Simu zikaanza kuingia kwa dada yangu, watu wakiuliza kama ni kweli au ni ile drama. Mjane anaeleza watu mmoja mmoja kwamba mume wake amekufa kweli. Naomba uwaze hiyo kwa dakika moja tu.

Lakini mapigo yenyewe yalitoka nyumbani.

Kabla ya mazishi kuliitwa kikao cha familia, nami nikaenda kama mtu wa upande wa dada. Nilidhani tunapanga hema na chakula. Kumbe tumeitwa kusomewa hukumu.

Mzee Protus alisimama na kofia yake mkononi. Alisema kijana wao hakuenda bure. Alisema kuna mtu alionekana akizika kitu kwenye boma hili jioni, kwa mkono wake mwenyewe, mahali kaburi lilikuwa limechimbwa. Alisema kifo hakiitwi kikakosa kuja. Mwishowe akatoa uamuzi: Rosebella hatakaa karibu na jeneza, hatatupa udongo, na matanga yakiisha arudi kwao.

Mgomba, wakuu. Ule mgomba ambao wao walipaswa kuuzika na wakamwachia mwanamke auzike kwenye mvua, ndio uligeuzwa uchawi.

Dada alikuwa ameketi chini kwenye mkeka na mtoto mdogo. Nilimwangalia nikaona ameshachoka hata kukasirika, nikakasirika kwa niaba yake.

Nilikuwa nimempigia Bwana Kamera uvumi wa uchawi ulipoanza kijijini, kabla sijajua utafika hadi kwenye kikao. Nilimwomba aje aseme neno moja tu, kwamba kaburi lilikuwa lake na ruhusa alipewa na mzee. Unajua alinijibu nini? Kwamba kampuni haiingilii mambo ya familia. Boma mliingia, kaburi mkachimba, mama wa watu mkamliza. Yote hayo hayakuwa mambo ya familia.

Basi nikatoa simu.

Ile episode iko kwenye mtandao, mtu yeyote anaipata. Niliitafuta pale pale, nikaongeza sauti, nikampa Mzee Protus kwanza. Yuko pale wazi, koti jeusi, ana koleo mkononi, anatupa udongo na anajua kamera iko wapi. Nikapitisha kwa wengine. Kila mzee aliyekuwa anatikisa kichwa dakika chache nyuma alijiona. Mmoja alikuwa anatafuna nyama nyuma ya mchungaji wa kuigiza.

Nikawauliza, nionyesheni Rosebella.

Walitafuta. Kweli walitafuta, wakarudisha nyuma, wakasogeza mbele. Hayuko, kwa sababu alikuwa kwenye karakana yangu.

"Hiyo ilikuwanga tu mchezo," Mzee Protus akasema.

Nikamwambia, "Baba, kama kwako ulikuwa mchezo, kwa dada yangu uligeuka uchawi saa ngapi?"

Sikupiga kelele. Nilitaka, lakini sikupiga.

Simu ilikuwa imefika kwa mama yake Ferdinand. Aliishika kwa mikono miwili, akaiangalia hadi mwisho, akaniomba nimwanzishie tena. Nilitaka kukataa. Alijiona akilia, ameanguka magotini, wanawake wamemshika, na nyuma yake mtoto wake anafungua jicho moja ndani ya jeneza.

"Waliniambia nilie, nikalia," alisema. "Leo Ferdinand yuko mochari na machozi hayatoki. Niliyamalizia hapa."

Akanirudishia simu.

Kisha akamwambia Mzee Protus, kwa upole kabisa, kwamba yeye mama naye alikubali kukaa pale mbele, kwa hiyo kama kuna mtu aliita kifo, waanze kumfukuza yeye. Rosebella ndiye peke yake aliyekataa. Rosebella atakaa upande wa kichwa cha jeneza.

Mzee Protus alivaa kofia akatoka nje. Hakuomba msamaha, na hadi leo hajaomba.

Siku ya mazishi Bwana Kamera alikuja. Miwani nyeusi, gari mbili, kamera tatu. Akapewa microphone akaongea juu ya pengo lisilozibika. Ferdinand akiwa hai walimpigia simu kumwuliza atarudi kazini lini, sasa amekuwa pengo. Watu walipiga makofi, wengine wakamwita marehemu Kandarasi, hata mchungaji aliteleza mara moja. Ferdinand alikuwa na jina, alibatizwa nalo.

Jeneza lilipotolewa nyumbani, kijana mmoja wa kamera alimjia dada yangu. Akamwomba arudi ndani atoke tena pole pole, kwa sababu mwanga haukuwa mzuri, na akitoka ajaribu kuangalia upande ule.

Nilikuwa nimeshaanza kwenda. Nilikuwa nitavunja kitu, kamera au meno. Mama yake Ferdinand alinitangulia. Mama mfupi, leso kichwani, alisimama katikati ya jeneza na kamera akamwangalia Bwana Kamera, si yule kijana.

"Nyinyi mlishamzika," alimwambia. "Wenu mlishamchukua. Huyu ni wetu."

Walizima kamera. Tukamzika bila wao.

Dada yangu yuko Malava hadi leo, kwa boma lake, amepanda mahindi. Mzee Protus anapita hapo kila siku na hasalimii. Sawa, asisalimie, bora asimguse.

Kilichobaki ni clip. Rosebella alipiga simu kule kampuni akawaomba jambo moja, ile sehemu ya kaburi iondolewe. Walimjibu vizuri sana, kwa adabu, kwamba haiwezekani kwa sababu ndiyo inayopendwa zaidi. Mtoto wake wa kiume amejifunza kutoka nje ya chumba clip ikianza. Anatoka tu.

Nilichojifunza ni hiki. Kama wewe ni mwigizaji, kazi yako ibaki kazini. Usiwape boma lako na usiwape mama yako, hata wakikuambia ni sanaa, kwa sababu wao watapakia gari na wewe utabaki na shimo. Na nyinyi wa ukoo, kabla ya kumtafutia mjane dhambi, jiangalieni kwanza mlikuwa mmesimama wapi.

Kwa wengine wote, ukiletewa ile clip, mwangalie yule mama aliyepiga magoti mbele. Si mwigizaji. Ni mama yake mzazi.

Wenye mmefanya kazi na hizi kampuni, na wenye mmeona mjane akionewa namna hii, semeni hapa chini, nitasoma yote. Wa kuniambia nipunguze hasira, hii ndiyo imepunguzwa.