Wageni wa Meli Lipangalala

Mwaka 1995 Domitila alikuwa akiishi Dar es Salaam, na kazi yake ilikuwa kuwapangia watu matajiri mahali pa kukaa kabla meli yao haijang'oa nanga. Hizo hazikuwa meli za mizigo. Zilikuwa meli za starehe, ndefu na nyeupe, zenye bwawa la kuogelea na bendi ya muziki, ambazo zilipita bandarini mara chache kwa mwaka zikielekea Shelisheli au Afrika Kusini. Abiria wengine walishuka asubuhi wakazunguka jiji, na Domitila ndiye aliyewatafutia magari na kuhakikisha wamerudi kabla ngazi haijapandishwa. Wengine walikuja kwa ndege siku kadhaa mapema ili wapande meli hapo Dar. Hao walihitaji hoteli, chakula kisicho na pilipili, na mahali pa kutembea wakati wakisubiri.

Ofisi ilikuwa ya bwana mmoja aitwaye Wiliam. Domitila aliingia pale kama mpiga chapa, akapandishwa kwa sababu Kiingereza alikijua, alifundishwa na masista, na kwa sababu hakuwa na woga na watu. Hilo la kutoogopa alikuwa nalo tangu utotoni. Sisi tuliokua naye Lipangalala, hapa Ifakara, tunakumbuka siku mwanamume mmoja alipotaka kumpita kwenye foleni ya maji. Domitila aliweka ndoo yake chini ya bomba, akaikalia, akamtazama tu mpaka yule bwana akarudi nyuma.

Baba yake, marehemu Alfonsi, alilima mpunga. Mama yake, Bernadetha, bado alilima.

Mwaka huo akaja mgeni mmoja Mholanzi, mjane, jina lake Hendrika, pamoja na marafiki zake watatu. Walikuwa na wiki nzima ya kusubiri meli. Domitila alipowaletea mipango ya siku zote, Hendrika aliisikiliza, kisha akamuuliza yeye kwao ni wapi. Domitila akamwambia: ni bondeni, mto mkubwa, mashamba ya mpunga mpaka macho yanachoka, milima ya Udzungwa upande mmoja na ya Mahenge upande mwingine.

"Kunafikika?" Hendrika akauliza.

"Kwa treni," Domitila akasema. "Mimi nitawapeleka."

Akarudi ofisini, akakaa na kupanga. Aliweka safari ya treni, siku za kukaa Ifakara, siku ya kurudi, na baada ya kurudi akaacha siku nzima tupu kabla ya meli kuondoka. Alijua reli zetu na alizijua mvua zetu. Wiliam alipousikia mpango huo alicheka.

"Hawa watu wanalalia mashuka ya hariri, Domitila. Ifakara kuna nini zaidi ya mchele na mbu?"

"Kuna sisi," Domitila akajibu.

"Ondoa. Wapeleke mbugani kama wengine."

"Wameshasema wanataka Ifakara. Siondoi."

Wiliam akaacha kucheka. Akamwambia kwamba meli haimsubiri mtu, na kama wageni wale wataachwa, asithubutu kukanyaga tena ofisini pale. Domitila akasema ameelewa. Wiliam, kwa vile wageni wenyewe walishang'ang'ania, hakuweza kuzuia safari, ila alimtuma kijana wa ofisi yake, Joshua, atangulie Ifakara kuandaa mapokezi.

Domitila naye alitangulia, akawaachia wenzake wa ofisini kazi ya kuwapandisha wageni treni. Nyumba yao ya matofali ya kuchoma ilipakwa chokaa upya. Alinunua vyandarua, akachukua mashuka ya pamba yaliyofumwa na akina mama wa hapa hapa, akatengeneza bafu la uani lenye sakafu ya saruji. Mama yake alikuwa na wasiwasi.

"Mwanangu, hawa wazungu wa meli watakula nini kwangu?"

"Watakula unachopika, mama."

"Na wakikikataa?"

"Watalala na njaa. Hutabadilisha sufuria kwa ajili yao."

Siku moja kabla ya wageni, Joshua aliwakusanya watu karibu na stesheni. Alikuwa amevaa miwani ya jua na shati la maua. Mjomba wake Domitila, mzee Pantaleo, aliyekuwa aende na wageni mtoni kwa mtumbwi wake, alifika amevaa koti lake la kanisani. Joshua hakumwamkia. Alimwambia kesho aje kifua wazi, na kwamba ameleta ngozi za mbuzi za kuvaliwa na wachezaji watakaowapokea wageni kwenye treni. Watu wakaangaliana. Hapa kwetu tuna ngoma zetu, lakini hakuna aliyewahi kumwona babu yake akisubiri treni amevaa ngozi.

Pantaleo alianza kufungua vifungo vya koti taratibu, kama mtu aliyeambiwa na daktari, na hapo ndipo Domitila alipotokea.

"Mjomba, shikamoo. Funga koti lako."

"Marahaba, mwanangu. Huyu kijana anasema—"

"Nimesikia anachosema." Akamgeukia Joshua. "Mjomba wangu atavaa koti."

"Dada, usituharibie," Joshua akasema kwa sauti ya chini. "Wageni wamelipia kuiona Afrika."

"Basi wataiona. Hilo koti limeshonwa sokoni Ifakara. Na kesho ukikutana na mtu mzima hapa, anza na shikamoo."

Ngozi zile zikarudi kwenye gunia lake. Kesho yake wageni wanne waliposhuka, walipokelewa na Domitila, mama yake na Pantaleo, wote wamevaa nguo zao za kwendea misa, na wakaamkiwa kama wanavyoamkiwa wageni. Basi. Hendrika alimshika Bernadetha mikono yote miwili na wakasimama hivyo kwa muda, kila mmoja akiongea lugha yake.

Siku zile zilikwenda vizuri kuliko hata Domitila alivyotegemea. Mtoni, upande wa Kivukoni, Pantaleo aliwaonyesha viboko kwa mbali, na sheshe, wale swala wekundu wa bondeni kwetu, wakilisha kwenye majani mabichi. Walikula wali na samaki aina ya kitoga. Mzee mmoja kati yao alikaa na Bernadetha uani wakichagua mawe kwenye mchele, na alikuwa mvivu wa kazi hiyo, na Bernadetha akamwambia hivyo. Jumapili walikwenda kanisani. Watu waliwatazama misa nzima, na wao wakatutazama sisi, ikawa sawa kwa sawa.

Kisha mvua ikanyesha. Ilinyesha milimani mfululizo, na siku ya kurudi Dar ilipofika, treni haikuja. Mkuu wa stesheni akatangaza kwamba udongo umefunika reli huko juu, kupita Mlimba, treni inakotokea, na hajui itafunguliwa lini.

Joshua alikimbilia posta kumpigia simu Wiliam. Domitila akamfuata. Alipopewa mkono wa simu alisikia sauti ya bosi wake ikipaa.

"Wabaki hapo hapo. Nitatuma gari."

"Gari dogo halipiti barabara hii sasa, bwana Wiliam. Kuna lori la mchele linaondoka leo. Litapita."

"Umesema lori? Abiria wa meli ya kifahari kwenye lori la mchele? Nakukataza."

"Wataamua wao," Domitila akasema, akakata simu.

Akawaita wageni sebuleni kwa mama yake, akawaeleza hali ilivyo bila kuwapaka mafuta. Reli imefungwa. Gari kutoka Dar linaweza lisifike. Lori linaweza kukwama. Wakikaa, meli itawaacha. Wakienda, wataumia mgongo na wanaweza bado kuachwa. Joshua alikuwa mlangoni akitikisa kichwa. Hendrika akauliza swali moja tu, kama Domitila atapanda pamoja nao. Akajibu kwamba atakuwa juu ya magunia.

Lori lilikuwa la Sayi, Msukuma mfanyabiashara wa mchele pale Kibaoni, mtu mpole mwenye mwili mkubwa. Aliwaweka Hendrika na rafiki yake mmoja mbele karibu na dereva, na wengine wakapanda juu ya magunia chini ya turubai, pamoja na Domitila na Joshua. Kupita Kiberege likazama kwenye tope mpaka ekseli. Sayi alikata matawi, akayapanga chini ya magurudumu, akaomba watu washuke. Walishuka wote. Wanavijiji wakaja, wakasukuma, wageni wakasukuma, Hendrika akapoteza kiatu kimoja ambacho hakikuonekana tena. Joshua alisimama pembeni akiwa ameshikilia suruali yake isiguse tope, na mwanamke mmoja wa pale akamuuliza, "Wewe mwenzetu ni mgonjwa?" Ikabidi naye asukume. Lori likatoka.

Walifika Dar wamechoka, wamepakwa tope na vumbi la mchele, lakini meli ilikuwa bado imefunga kamba gatini. Ile siku tupu aliyoiacha Domitila ilikuwa imeliwa yote, ila ilitosha.

Kesho yake Wiliam alimwita ofisini. Alikuwa amekaa na mama mmoja wa kampuni ya meli, aliyehusika na matembezi ya abiria nchi kavu. Mama huyo alikuwa na furaha sana. Hendrika alikuwa amemsimulia kila kitu, na sasa alitaka safari ya Ifakara iwe ya kudumu.

"Na lori," akasema. "Lori tuliweke kwenye ratiba. Na tope. Tunaweza kupata mahali pa kukwama kila safari?"

Wiliam akacheka kwa heshima, akasema inawezekana. Akaongeza kwamba safari ijayo watakuwepo wachezaji wa asili, na kwamba Domitila atapandishwa cheo kuwa msimamizi wa safari hiyo.

"Mama," Domitila akamwambia yule mgeni, "pale tulipokwama, watu waliacha mashamba yao waje kutusaidia. Ukiwakwamisha makusudi, utakuwa unawachezea."

"Tutawalipa," yule mama akasema.

"Sitawaambia wacheze kukwama. Na sitawavua nguo watu wa kwetu. Wageni wakija kama walivyokuja hawa, nitawapokea wote. Vinginevyo, hapana."

Wiliam alimtoa nje, akamwambia amempa nafasi ambayo wenzake wanaililia. Domitila akachukua mkoba wake. Wafanyakazi wenzake wanasema alishuka ngazi bila haraka, akawaaga mmoja mmoja, na kwa mlinzi wa mlangoni akasimama kuuliza hali ya mtoto wake.

Alirudi nyumbani. Wapo waliomsema. Kaka yake Maximilian alimwambia wazi kwamba ameacha kazi ya ofisi yenye kiyoyozi kwa ajili ya koti la mjomba. Domitila akamjibu kwamba ndiyo, ni kwa ajili hiyo hasa. Aliongeza vyumba viwili kwenye nyumba, akaandika ubao mlangoni, na akaanza kupokea wageni kwa jina lake. Hendrika aliwaambia watu wake huko Uholanzi, na msimu uliofuata wakaja wengine, wawili wawili, waliokuwa wakisubiri meli Dar au waliokuwa wameshuka. Hawakuwa wengi. Mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998 zilipofunika bonde, hakuja mgeni hata mmoja, na vyumba vile vikakaliwa na majirani ambao nyumba zao zilibomoka.

Mwaka 1999 Sayi alirudi kutoka Dar na habari. Nje kidogo ya jiji aliona vibanda vya nyasi vimejengwa kando ya barabara, na kibao kikubwa kimeandikwa kwa Kiingereza: Kijiji cha Ifakara. Mabasi ya meli yalikuwa yanashusha abiria pale, wanatazama watu waliovaa ngozi, wanarudi bandarini kabla ya chakula cha mchana. Kilikuwa cha Wiliam.

Domitila alisikiliza, kisha akamuuliza Sayi safari yake ijayo ni lini.

Alifika pale asubuhi meli ikiwa bandarini, amevaa gauni lake la kawaida. Basi liliposimama na abiria wakaanza kushuka na kamera zao, akasimama chini ya kile kibao, akawaambia kwa Kiingereza chake cha masista:

"Habari za asubuhi. Mimi natoka Ifakara. Hapa si Ifakara. Ifakara ni mji. Una hospitali, stesheni na soko, na watu wake wako shambani saa hizi. Hawa waliovaa ngozi ni vijana wa Dar es Salaam na wanatafuta riziki, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni hilo jina. Mnakaribishwa kwetu siku yoyote."

Vijana waliovaa ngozi waliacha ngoma. Joshua, ambaye sasa ndiye aliyekuwa msimamizi, alikuja mbio.

"Shikamoo, dada," akasema.

"Marahaba. Futa jina la kwetu."

"Bosi ataniua."

"Basi nitakuja kila meli ikija. Nauli sina shida nayo, lori la Sayi linanijua."

Alikuja tena meli iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Mara moja mlinzi alimsukuma akaanguka. Aliinuka, akapangusa gauni, akaendelea na sentensi yake. Abiria walianza kuuliza maswali ambayo Joshua hakuweza kuyajibu, na kampuni ya meli haikupenda maswali. Mara ya nne alipofika alikuta kile kibao kimepakwa rangi nyeupe yote, na Joshua yuko juu ya ngazi na brashi mkononi, akitafakari aandike jina gani.

"Andika lako," Domitila akamwambia, akaenda kutafuta lori la kurudi nyumbani.