Mawifi wa Kibaraza cha Bi Khadija

Mwikali wa Kalama alianza kusuka viondo kabla ya kuolewa. Kufikia mwaka wa elfu mbili alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha Bi Khadija, mjini Machakos, muda mrefu kiasi kwamba wageni walidhani duka ni la wote wawili. Bi Khadija aliuza leso na vitambaa ndani. Mwikali alitandaza mkeka wake nje, kando ya mlango, akasokota uzi wa katani pajani huku akingoja wateja. Hakuwa mtu wa kuita wapita njia. Wateja wake aliwajua, nao walimjua.

Desemba ya mwaka huo ilikuwa na neema yake, kwa sababu Krismasi na Idi ziliangukia wiki moja. Waliokuwa kazini Nairobi na Athi River walirudi nyumbani wakitafuta cha kumpelekea mama, cha kumfurahisha shangazi. Waislamu wa mjini, wakiwa bado wamefunga, walianza mapema kununua zawadi za Idi. Maduka makubwa yalijaa vikombe vya kioo na maua ya plastiki. Lakini wako waliopenda kupita hapo kibarazani, wakainama, wakashika kiondo, wakauliza, "Hiki kimesukwa na nani?"

Mwikali aliishi kwa swali hilo. "Ni mimi," alikuwa akijibu, na siku nzima ilikuwa nyepesi.

Mwaka huo swali liliendelea kuulizwa, ila jibu halikuwa yeye.

Nzembi alikuwa mke wa kaka yake, Maundu. Miaka kadhaa alikuwa ameshona suruali katika kiwanda kimoja huko EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, mpaka wakapunguza wafanyakazi naye akarudi Kalama na mfuko wa nguo na mkasi. Maundu alimwomba dada yake amsaidie. Mwikali hakusita. Ni yeye aliyemfundisha Nzembi kusuka, alipokuwa bado bibi harusi mgeni asiyejua hata kuanza kitako cha kiondo. Alimpeleka kwa Bi Khadija na kumwambia, "Huyu ni wifi yangu, ni mtu wa kazi." Baadaye alijilaumu sana kwa maneno hayo.

Nzembi alipewa nafasi upande wa pili wa mlango, lakini hakusuka kama alivyofundishwa. Alitia bitana ndani, akaweka na mfuko mdogo wenye zipu. Alichanganya rangi ambazo Mwikali asingethubutu, njano ya embe kando ya buluu, na zikakubaliana. Zaidi ya hayo, aliweza kusuka jina la mtu ubavuni mwa kiondo, herufi zimenyooka kama zilizopigwa chapa. Watu walimwendea na majina ya mama zao.

Mwikali alitazama. Alihesabu kila kichwa kilichoinama upande wa pili wa mlango. Mtu akimpita bila kusimama, alimfuata kwa macho kuona atasimama wapi, na alipojua atasimama wapi bado alitazama. Nzembi akicheka na mteja, aliona kicheko kimekusudiwa yeye. Hata namna wifi yake alivyokunja mkeka jioni ilimkera.

Wacuka ndiye aliyemvunja moyo kabisa. Alikuwa mfanyabiashara wa nafaka kutoka Yatta, na kila Desemba alinunua kwa Mwikali viondo vya kuwapelekea dada zake. Alifika, akamsalimia Mwikali vizuri, akauliza habari za watoto. Kisha jicho lake likaenda ng'ambo ya mlango.

"Na hizi ni za nani? Ziko na majina!"

"Ni za huyu wifi yangu," alisema Mwikali.

"Aki ni maridadi." Wacuka alikuwa ameshachuchumaa mbele ya Nzembi. "Mama, unaweza kuniandikia Wagaki? Na ingine Wanjiku? Dada zangu watafurahi sana. Mwikali, wewe utanisamehe mwaka huu, eh? Yako niko nazo nyingi nyumbani."

"Hakuna neno," Mwikali alijibu.

Nzembi alimtazama wifi yake, akasema polepole kwa Kikamba, "Wifi, nimwambie achukue moja kwako?"

"Usinisaidie," alisema Mwikali, akarudi kwenye uzi wake. Alisokota kwa nguvu hadi paja likawa jekundu.

Nzembi alipoenda kunywa chai, Mwikali alichukua kiondo kimoja cha wifi yake na kukigeuza ndani nje. Alitafuta fundo lililolegea, mshono uliopinda, chochote. Hakupata. Akakirudisha mahali pake na kukielekeza vilevile kilivyokuwa, kama mwizi.

Hapo alifanya haraka. Yeye aliyezoea kuchemsha uzi wake kwa magome ya miti mpaka rangi iingie vizuri, alinunua rangi ya unga, nyekundu ya kuiva, akatumbukiza katani, akaianika kabla ya wakati. Viondo vipya viliwaka kibarazani. Alipata wateja wawili watatu, lakini walio wengi bado waliinama upande ule.

Ndipo akaja Rashid, mwenye duka la mikate karibu na msikiti. Nzembi alikuwa amekwenda kwa fundi viatu kuchukua mikanda ya ngozi, na mkeka wake ulikuwa chini ya uangalizi wa Mwikali.

"Assalam alaikum, mama. Mwaka huu sitaki vitu vya plastiki," alisema Rashid. "Niko na dada zangu Mombasa, niko na mabinti, niko na mama mkwe. Nataka kitu kilichotoka mkononi mwa mtu. Hivi vyenye majina naweza kupata vingi kabla ya Idi?"

Hakuwa hata amevitazama vyekundu.

Mwikali aliacha kusokota. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa siri kwa wema, "Vinapendeza, ndiyo. Lakini mimi singekudanganya, baba. Hizo rangi zinachuja. Vikiguswa na maji vinaharibu nguo."

"Zinachuja?"

"Sana."

Rashid alikirudisha kiondo chini taratibu. Mwikali alingoja ageukie upande wake. Hakugeuka. Alishukuru, akaenda zake.

Mwikali hakuwa amefikiria yatakayofuata. Alitaka tu kumwondolea Nzembi mteja, akasahau kwamba mtu wa mikate huongea na mji mzima. Kufikia Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi, neno lilikuwa limezunguka soko lote, na lilipozunguka lilipoteza jina la Nzembi. Watu walisema tu, viondo vya pale kwa Bi Khadija vinachuja. Walipita wakavitazama kwa mbali. Mwanamke mmoja alishika kiondo cha Mwikali, mwenzake akamvuta mkono na kumnong'oneza, wakaondoka. Wiki ambayo wangeuza mpaka mikeka ibaki mitupu, mawifi wale wawili walikaa wakitazama barabara.

Wacuka alirudi akiwa na viondo vyake ndani ya gunia. "Nimesikia maneno," alisema. "Siwezi kupelekea dada zangu kitu cha kuwaharibia nguo za kanisa."

Bi Khadija alitoka nje, midomo imemkauka kwa saumu. "Nani ameanza maneno haya? Leo mtu ameniuliza kama leso zangu nazo zinachuja! Leso zangu!"

Mwikali alitazama mikono yake.

"Tusibishane," alisema Nzembi. "Bi Khadija, nisaidie beseni la maji na sabuni."

Beseni likaja. Watu walikusanyika, maana siku ya soko hakuna asiyependa kuona. Nzembi alichukua kiondo cha Wacuka chenye jina la Wagaki, akakizamisha, akakisugua kwa sabuni bila huruma. Alikiinua. Maji yalikuwa na povu tu.

"Haya," alisema Wacuka, uso umemng'aa. Kisha, bila ubaya wowote, akamgeukia Mwikali. "Na yako, mama? Osha tuone."

Mwikali angefanya nini? Alichukua kiondo chekundu, kwa kuwa vyekundu ndivyo vilivyokuwa mbele, akakitia kwenye beseni. Hata hakukisugua. Maji yalibadilika pale pale, yakawa mekundu kama damu ya mbuzi, na watu wakasema "Ai!" kwa pamoja.

Nzembi alikuwa wa kwanza kusema. "Hiki ni kipya, hakijakaa. Rangi mpya ndivyo ilivyo, ikioshwa mara mbili inatulia. Wifi yangu ndiye aliyenifundisha kusuka, msimhukumu kwa kimoja." Akamwaga maji haraka barabarani.

Watu walicheka, wakatulia, wakaanza kununua. Walinunua vya Nzembi mpaka vikaisha. Mwikali alisimama kando na mikono yake myekundu, na alichosikia moyoni hakikuwa shukrani. Alifikiri, hata wema anao yeye. Amenishinda kwa kazi, sasa ananishinda kwa moyo, tena mbele ya watu. Laiti Nzembi angemcheka, angalau angepata sababu ya kumchukia kwa haki.

Sababu hiyo hakuipata. Kabla mikeka haijakunjwa, Rashid alifika mbio, amesikia habari za beseni.

"Kumbe havichuji!" alimwambia Nzembi. "Na huyu mama ndiye aliyeniambia vinachuja." Alimwonyesha Mwikali kwa kidole, akishangaa tu, hana nia ya kuchonganisha.

Nzembi hakupaza sauti. Alimtazama wifi yake kwa muda, akakunja mkeka, akachukua mkasi na mikanda, akavuka barabara. Bi Khadija aliingia dukani bila kusema kitu, na Mwikali aliona afadhali angetukanwa.

Siku ya Krismasi, huko Kalama, familia yote ilikula kwa mama yao. Maundu alikuja na watoto. Nzembi hakuja. Mama aliuliza kama Nzembi ni mgonjwa, Maundu akasema si mgonjwa, na wote wakaendelea kula wakimtazama Mwikali kwa pembe ya jicho. Mwikali aliweka kando sahani yake. Aliinuka, akafuata njia ya shamba mpaka nyumbani kwa kaka yake.

Nzembi alikuwa nje anapepeta maharagwe.

"Wifi," alisema Mwikali.

"Karibu."

"Nimekuja kusema..."

"Usiniambie ni shetani," Nzembi alimkata. "Kila mtu akikosa siku hizi ni shetani."

"Si shetani. Ni wivu." Neno lilitoka gumu kama kokoto. "Nilikuonea wivu. Na ulipomwaga yale maji nilizidi kukuonea. Mpaka sasa ninao, Nzembi. Sijui niuweke wapi."

Nzembi aliendelea kupepeta. Makapi yaliruka, yakawaangukia wote wawili miguuni.

"Nilipotoka kiwandani nilikuwa sina kitu," alisema hatimaye. "Wewe ulinipa pa kukaa. Ndiyo maana imeniuma hivi. Angekuwa mtu mwingine ningemsahau leo." Akatikisa ungo. "Kibarazani sirudi. Lakini kwa mama nitakuja kula. Sitaki watoto wajue tuna ugomvi."

Waliongozana kurudi, Nzembi mbele, Mwikali nyuma.

Nzembi hakurudi kibarazani kweli. Alipata nafasi mbele ya duka la Kiragu, muuza vitabu, ng'ambo ya barabara, na Desemba iliyofuata mkeka wake ulikuwa mrefu zaidi. Mwikali alibaki kwa Bi Khadija, ambaye alichukua miezi kabla ya kumtania tena kama zamani. Alirudia magome yake ya miti na kuchemsha kwake kwa polepole, na wale waliopenda vya kizamani walimrudia. Hawakuwa wengi kama wa Nzembi.

Siku moja ya Desemba alikuja mwalimu kijana, mwanamke, anatafuta kiondo cha kumpa mama yake. Alivishika vya Mwikali, akavisifu, kisha akauliza kama anaweza kupata chenye jina.

"Mimi sisuki majina," alisema Mwikali. Akanyoosha mkono. "Nenda pale kwa wifi yangu, mbele ya vitabu. Vyake havichuji."

Mwalimu alishukuru, akavuka. Mwikali alimwona akiinama, akichagua, akiweka chini, akishika kingine. Alimtazama muda wote huo, uzi umelegea mkononi, akitamani kwa moyo wake wote kwamba asipate anachokitaka na arudi.

Hakurudi. Mwikali alilowesha vidole, akaanza kusokota.